Mwanga Kidoleni, Presha Mshipani: Hoja Kuhusu Majaribio ya Vipimo Visivyo na Mkanda

Katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, kama ile ya Nyamagana iliyopo Butimba, presha ya mjamzito hujulikana pale tu muuguzi anapomfikia. Hufunga mkanda, husoma, huandika kwenye faili, kisha huhamia kitanda cha pili. Kati ya namba moja na nyingine hupita saa ambazo hakuna ajuaye mishipani kumetokea nini, na kifafa cha mimba hakina desturi ya kusubiri zamu. Mtu akija na kifaa kinachomulika ngozi na kutoa presha mfululizo, bila kubana wala kupuliza, hapo atasikilizwa. Nami ningemsikiliza. Ila kabla ya kuulizia bei ningemuuliza jambo moja: kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu ambao presha yao ilikuwa inabadilika?

Swali hili linatoka kwenye fizikia yenyewe. Mwanga haupimi presha. Unapopenya kidole, sehemu yake humezwa na damu, na kinachorudi hupanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Kinachoonekana ni ujazo wa damu, wala si msukumo wake. Anayetaka kutoka kwenye ujazo afike kwenye presha lazima apitie ugumu wa ukuta wa ateri, ambao Moens na Korteweg waliuhusisha kwa hesabu na kasi ya wimbi la damu tangu 1878. Mwenye bustani analijua hili bila hesabu: mpira mpya wa kumwagilia na ule uliokakamaa kwa jua haitutumki sawa, hata maji yakisukumwa kwa nguvu ileile.

Jan Peňáz aliliona tatizo hilo mwaka 1973 akalikwepa kwa werevu. Alitumia mwanga kulinda ujazo usibadilike, huku kijimkanda cha kidoleni kikikaza na kulegea kufuata kila pigo, na presha ikasomwa kwenye kijimkanda hicho. Njia yake inahitaji pampu. Vifaa vya leo vimeiacha pampu, na vingi vimeweka mahali pake ugezi, kwa neno la watu wa viwango: kwanza kifaa hupewa namba ya mkanda wa kawaida, kisha hukadiria kuanzia hapo.

Tanzania imeshiriki katika majaribio haya. Mwaka 2023 jarida la npj Digital Medicine lilichapisha utafiti wa OptiBP, programu ya simu ambayo mtumiaji huweka kidole juu ya kamera. Ilijaribiwa kwa wakazi wa Ifakara, kwa wakazi wa Gaibandha nchini Bangladesh, na kwa wajawazito katika hospitali ya Kalafong, Afrika Kusini, ikilinganishwa na vipimo vya mkanda vya wapimaji wawili. Kwa presha ya sistoli, ile namba ya juu, wastani wa kosa Ifakara ulikuwa milimita 0.8 za zebaki na mtawanyiko 7.0, wakati kiwango cha kimataifa ISO 81060-2 kinaruhusu 5 na 8. Ifakara na Kalafong zilifaulu. Gaibandha ilianguka katika kigezo cha pili cha kiwango hicho kwa presha ya sistoli.

Lakini kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya mkanda, na kinamtaka mpimwaji atulie. Chukua kifaa cha kijinga kabisa: asubuhi kinapewa namba ya mkanda, 118, kisha kinarudia 118 kila kinapoulizwa. Kwa mtu aliyeketi, presha haisogei sana ndani ya nusu saa, na kifaa hicho kisichopima chochote kinaweza kupata alama nzuri tu. Ndiyo maana mapendekezo ya Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ya mwaka 2023 yanadai zaidi: mkono upandishwe na kushushwa, mtu apimwe akiwa macho na akiwa usingizini, kabla na baada ya dawa, wakati wa mazoezi, na ugezi wenyewe ukaguliwe baada ya muda kupita.

Hapo kwenye dawa ndipo pa kukazia. Mjamzito mwenye presha ya hatari hupewa nifedipini au haidralazini, na kazi ya dawa hizo ni kulegeza ukuta wa mishipa. Ugezi uliofanywa kabla ya dawa ulifanywa kwa ukuta mwingine. Kifaa kinaweza kupotea njia saa ileile daktari anapokihitaji kuliko saa zote.

Suala la rangi ya ngozi nalo si la hisia. Mwaka 2020 Sjoding na wenzake walionyesha kwa data za Marekani kwamba vipima oksijeni vya kidoleni, ndugu wa karibu wa vifaa hivi, vilipoonyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, vilificha upungufu mkubwa katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Wazungu. Mwanga wa kijani unaotumiwa na saa nyingi humezwa na melanini kuliko ule wa infraredi.

Kwa hiyo jaribio la maana lingefanyika kwenye kitanda cha mama wa Butimba baada ya dozi ya kwanza, na usiku kwa mvuvi wa dagaa, mwenye viganja vilivyokomaa kwa kamba. Mkono wake ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, presha ya hapo mkononi huongezeka kwa karibu milimita 8 za zebaki, kiasi kinachozidi wastani wa kosa linaloruhusiwa.

Na vihesabiwe vipimo ambavyo kifaa kilikataa kuvisoma. Kikikataa mara tatu kati ya kumi, kisha kikaripoti usahihi wa zile saba, kimejitungia mtihani wake. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, mwili wake hubana mishipa ya vidole ili moyo na ubongo visikose. Kidole hupoa, mwanga hurudi bila pigo linalosomeka, kioo kikaandika: jaribu tena. Katika jedwali la watafiti wengi, mstari huo hufutwa.