Floridi Isiyotengemaa, Wala Si "Dhaifu"

Istilahi "mchanganyiko dhaifu", ambayo baadhi ya mafundi wa tafsiri wameiridhia kwa manganizi tetrafloridi na jamaa zake, ina makosa mawili katika maneno mawili. Mchanganyiko ni vitu vilivyowekwa pamoja bila kuungana kikemia, kama chumvi na mchanga, ilhali floridi ni kampaundi, ambamo atomi za metali na za florini zimefungamana kwa uwiano maalumu. Na udhaifu ni upungufu wa nguvu, sifa isiyoihusu hata kidogo dutu hiyo.

Nguvu yake inaonekana katika historia ya florini. Mwaka 1886 Henri Moissan wa Ufaransa alilazimika kutumia umeme ili kuitenga florini, na umeme ukabaki ndiyo njia pekee ya kutegemewa mpaka mwaka 1986, Karl Christe alipopasha heksafloromanganati ya potasiamu pamoja na antimoni pentafloridi hadi nyuzi 150 za selsiasi. Antimoni pentafloridi, kwa uchu wake wa ioni za floridi, iliipokonya chumvi hiyo ioni zake, ikabaki manganizi tetrafloridi, nayo ikavunjika kuwa manganizi trifloridi na gesi ya florini. Dutu inayotema elementi inayopora elektroni kuliko zote haiwi dhaifu kwa sababu tu mafundi wa tafsiri wameridhia.

Neno linalofaa ni "kutotengemaa". Kitenzi tengemaa, ndugu wa tengenea na tengeneza, kina kiambishi -ma- cha hali, kilekile kinachosikika katika simama, fungama na kwama. Ndiyo maana husemwa kwamba hali ya mgonjwa imetengemaa, yaani imetulia na haitazamiwi kugeuka. Wapo wanaong'ang'ania "thabiti" na "imara", maneno yenye asili ya Kiarabu yasiyo na kosa yanapohusu msimamo wa mtu au ukuta, lakini ambayo huelekeza fikra kwenye ugumu wa kitu badala ya mwelekeo wake wa kubaki au kubadilika. Manganizi yenye oksidisho +4 hutengemaa ndani ya chumvi ya potasiamu, na haitengemai ikiwa tetrafloridi peke yake. Haikupungukiwa nguvu, ilichokosa ni utulivu.

Kimatumizi, yatosha kuandika "floridi isiyotengemaa" kwa dutu na "utengemavu" kwa sifa. Anayeshikilia "dhaifu" na aendelee, ila ajue kwamba anamwambia mwanafunzi wa maabara asikiogope chombo kinachotoa florini.