'Mratibu wa dharura' haratibu dharura: Historia ya vyeo vinavyogongana

UKIOMBWA kutafsiri cheo 'Emergency Coordinator', bila shaka utajibu haraka: mratibu wa dharura. Kisarufi huna kosa. Ila ukifuata historia ya cheo chenyewe utagundua kuwa mwenyewe haratibu dharura hata kidogo.

Cheo hiki ni cha Wamarekani wa redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuwasiliana kwa mitambo yao wenyewe, bila malipo. Chama chao, ARRL, kilianzishwa mwaka wa 1914 ili wapokezane ujumbe kituo hadi kituo. Mnamo 1935 kikaunda kikosi cha dharura, ambacho leo huitwa ARES. Kiongozi wa kikosi hicho katika eneo, aghalabu kaunti, ndiye huyo 'Emergency Coordinator'. Kazi yake ni kuwapanga wenye redio simu zinapokatika, basi. Moto na mafuriko vina wakubwa wake. Chamani jina halikumtatiza yeyote, maana wote walijua linalozungumziwa ni redio.

Mwaka wa 1952, enzi za hofu ya bomu la nyuklia, serikali ikaanzisha mpango mwingine, RACES, chini ya idara za ulinzi wa raia. Huko kiongozi akaitwa 'Radio Officer', afisa wa redio. Mtu yule yule aliweza kuwa mratibu huku na afisa kule.

Kisha ikaja mioto ya California ya 1970. Kwa siku 13 watu 16 walifariki na majengo zaidi ya 700 yakateketea. Vikosi vilivyokuja kusaidiana havikuwa na istilahi moja. Kutokana na msiba huo ukazaliwa mfumo wa kuongoza shughuli za uokoaji, ICS, ambao ulifanya jambo la kumfurahisha mwanaisimu yeyote: kila neno la cheo lilipewa ngazi yake. 'Chief' ni wa sehemu, 'Director' wa tawi, 'Leader' wa kitengo. 'Officer' wakaachiwa wasaidizi wa karibu wa kamanda. Hata 'tanker' ikawa ndege ya kuzimia moto, si lori la maji!

Sasa afisa wetu wa redio akifika kwenye mkasa, jina linampandisha daraja asilo nalo. Mratibu naye anasikika kama mwenye shughuli nzima, ilhali huenda yuko chini ya kiongozi wa kitengo cha mawasiliano. Kamanda anayeuliza "nani mkuu hapa?" huku nyumba zinaungua hana muda wa kusimuliwa haya.

Kiingereza hurundika nomino bila kusema zinahusianaje. Kiswahili kina kihusishi cha -a, nacho kinatuwezesha kutaja kinachoratibiwa: mratibu wa mawasiliano ya dharura, au bora zaidi, mratibu wa wanaredio wa kujitolea. Ni kirefu, najua. Wapo watakaopendekeza 'mshirikishi', lakini kwa Mkenya neno hilo tayari lina mwenyewe. Sema 'mshirikishi wa dharura' naye ataona gari la serikali, bendera na walinzi.