Mwanafunzi mkimbizi: Alama anazo, kikwazo ni karo na stakabadhi

KATIKA Kabazi, eneobunge la Subukia, neno ‘mkimbizi’ si geni masikioni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha maelfu ya watu katika Bonde la Ufa, na mapema 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka kambi. Waathiriwa waliitwa wakimbizi wa ndani, na hadi leo wengi hawatofautishi hali yao na ya mkimbizi aliyevuka mpaka. Ilhali katika lango la chuo kikuu, tofauti hiyo ndiyo huamua nani ataingia na nani atabaki nje.

Mtoto aliyefurushwa ndani ya nchi yake hupoteza makao; hapotezi uraia. Akipata gredi ya C+, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya shahada, anaweza kuteuliwa na KUCCPS, idara inayogawa nafasi za vyuo, kisha akaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB).

Mwenzake aliyetoka Sudan Kusini, Somalia au Kongo na kusomea Kakuma au Dadaab hufanya mtihani uo huo wa KCSE, siku iyo hiyo. Hata hivyo, nafasi zinazofadhiliwa na serikali na mikopo ya HELB ni za raia wa Kenya. Hata akipata gredi ya A, hulazimika kujilipia karo au kutafuta mfadhili.

Dadaab ilianzishwa 1991 na Kakuma 1992, na kufikia 2024 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 700,000. Kuna vijana waliozaliwa na kulelewa kambini ambao hawaijui nchi nyingine.

Milango iliyopo

Mlango wa kwanza ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Mpango huu humsomesha mkimbizi shahada ya kwanza katika nchi iliyompa hifadhi.

Wa pili ni Windle, shirika ambalo chimbuko lake ni juhudi za Hugh Pilkington, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alianza kuwasaidia wanafunzi wakimbizi katika miaka ya 1970, na baada ya kifo chake 1986 kazi hiyo iliendelezwa kwa mali aliyoacha.

Wa tatu ni mpango wa shirika la WUSC la Canada, ulioanza 1978. Wanafunzi wa vyuo vya huko huchanga kiasi kidogo cha fedha pamoja na karo yao ili kumleta mkimbizi asome nao. Zaidi ya vijana 2,000 wamenufaika, wakiwemo wengi kutoka Kakuma na Dadaab.

Fauka ya hayo, chuo chenyewe kinaweza kumfuata mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua bewa Dadaab mwaka 2012. Mwaka uliofuata, mpango wa BHER uliviunganisha vyuo vya Kenyatta na Moi na vile vya York na British Columbia vya Canada ili kuwafunza walimu wa shule za kambini. Wenyeji wa eneo hilo nao walipata nafasi.

Nje ya karo

Karo ni nusu tu ya safari. Kijana wa Kabazi anayekwenda Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, hupanda matatu na kufika. Wa Kakuma huhitaji kwanza kibali cha kutoka kambini, na kibali kikichelewa, siku ya usajili humpita. Aliyesomea nje ya Kenya hulazimika vyeti vyake vilinganishwe na vya humu nchini, na huenda vyeti vyenyewe viliteketea au viliachwa nyuma wakati wa kutoroka vita.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, ilipanua haki zao, na mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi yanayowajumuisha wenyeji. Hata hivyo, haki iliyo katika maandishi humfaa mwanafunzi pale tu karani wa usajili anapoitambua kadi ya mkimbizi.

Hapo ndipo vyuo vinaweza kusaidia bila gharama kubwa: kuwa na afisa mmoja anayezielewa stakabadhi za wakimbizi, kumtoza mwanafunzi karo ya mwenyeji badala ya ya mgeni, kumwachia chumba cha bweni wakati wa likizo, kwa kuwa huenda hana nyumbani pa kurudi, na kuwa na mshauri nasaha anayefahamu kwamba kijana huyo ameona mengi.

UNHCR inalenga kwamba kufikia 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3. Kufikia 2024 shirika hilo lilikuwa likitaja asilimia 7. Kupungua kwa fedha za misaada mwaka 2025 kuliongeza ugumu, kwani anayetegemea mfadhili mmoja huacha masomo mfadhili huyo anapojiondoa.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimu waliofunzwa Dadaab walirudi kufundisha katika madarasa ya kambini, na wenyeji waliosoma pamoja nao wakapata elimu ambayo awali ilikuwa mbali nao. Waliopitia kambi ya Nakuru mwaka 2008 hawahitaji kuelezwa maana ya kupoteza makao. Mkimbizi wa Kakuma alipoteza makao kama wao. Lililomzidia ni kukosa kitambulisho cha kumfungulia lango la chuo.