Fanani na Dola: Sitiari ya "Rais wa Geto" nchini Uganda

Katika fasihi simulizi, fanani hujitwalia cheo bila kibali cha mtawala. Hadhira ndiyo humthibitisha. Robert Kyagulanyi Ssentamu, aliyezaliwa mwaka 1982 na kusomea muziki, dansi na drama katika Chuo Kikuu cha Makerere, aliimba kwa jina la Bobi Wine na kujiita "Rais wa Geto" akiwa Kamwokya, Kampala. Cheo hicho kilikuwa sitiari hadi Juni 2017, Kyadondo Mashariki ilipomchagua kuwa mbunge. Wahakiki waliozihesabu nyimbo zake kuwa burudani tu walizidiwa umakini na dola: polisi walizuia matamasha yake, na mwaka 2019 bereti nyekundu ya wafuasi wake ikatangazwa kuwa vazi la kijeshi. Novemba 2020, akiwania urais, alikamatwa. Katika ghasia zilizofuata waliuawa watu wasiopungua 50. Januari 2021 Tume ya Uchaguzi ilimpa asilimia 35 dhidi ya 58 za Yoweri Museveni, matokeo aliyoyakataa. Hapana budi basi uhakiki wa wimbo wa kisiasa uitazame hadhira pia, kwani aghalabu ndiyo inayoilipia sitiari ya fanani.