Ralph Vaughan Williams: Mtunzi wa Kanisa, wa Shamba na wa Jumba la Sinema

Historia ya kwaya yetu mmeisoma katika kurasa zilizotangulia. Kamati ya jubilii iliniomba niongeze kurasa chache kuhusu mtunzi mmoja wa nyimbo ambaye maisha yake yana la kutufunza sisi tunaoimba, nami nimemchagua Mwingereza Ralph Vaughan Williams. (Jina hilo la kwanza yeye mwenyewe alitaka litamkwe "Reif", na asiyelitamka hivyo alisahihishwa.)

Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1872 katika kijiji cha Down Ampney, ambako baba yake alikuwa kasisi. Baba alifariki 1875, mama akarudi na watoto kwa jamaa zake katika mkoa wa Surrey. Haikuwa familia ya shida. Jamaa za mama walikuwa wenye kiwanda mashuhuri cha vyombo vya udongo, na Charles Darwin, yule mwanasayansi, alikuwa ndugu wa nyanya yake. Kijana alisoma Royal College of Music mjini London na pia Cambridge, akaenda Berlin 1897 kusoma zaidi. Hata hivyo hakuwa mwepesi. Mwaka wa 1908, akiwa na miaka 35 na shahada ya udaktari wa muziki mkononi, alikwenda Paris kufundishwa na Maurice Ravel, mtu mdogo kwake kwa zaidi ya miaka miwili. Wale wetu wanaosema wamepita umri wa kujifunza kusoma nota, tafadhali soma sentensi hiyo tena.

Kabla ya Paris kulitokea mambo mawili yaliyomfanya awe alivyokuwa. La kwanza ni la Desemba 1903, katika mkoa wa Essex, ambapo mfanyakazi mmoja wa shamba aliyekuwa mzee, Charles Potiphar, alimwimbia wimbo wa zamani wa huko kwao. Vaughan Williams aliona kwamba nyimbo hizi za wakulima na wavuvi, zilizokaa vichwani mwa watu wasiojua nota hata moja, zilikuwa zinazikwa pamoja na wazee. Akaanza kutembea vijijini na daftari. Mwishowe alikuwa amekusanya nyimbo zaidi ya 800.

La pili ni kitabu cha nyimbo. Mwaka wa 1904 kasisi Percy Dearmer alimwomba asimamie muziki wa kitabu kipya cha nyimbo za kanisa. Aliambiwa ni kazi ya miezi miwili. Ilichukua miaka miwili, na kitabu, The English Hymnal, kikatoka 1906. Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Tuni nyingi zilizokuwa zikiimbwa makanisani wakati huo aliziona laini mno, tamu kupita kiasi kama chai iliyomwagiwa sukari ovyo. Akatafuta tuni za zamani zenye nguvu, na mahali pengine akachukua zile za wakulima alizozikusanya, akazipa maneno ya dini. Tuni aliyoipata Forest Green, mkoa wa Surrey, Waingereza sasa wanaiimbia wimbo wa Krismasi wa mji mdogo wa Bethlehemu, na wengi hawajui kwamba ilitoka kwa watu wa shambani. Tuni nyingine, Monks Gate, ilitoka kwa mwanamke wa kijijini huko Sussex, ikapewa maneno ya John Bunyan.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa maana jambo hili linatugusa. Kwetu mjadala haujaisha: je, tuni za harusi, za mavuno na za jando za wazee wetu ziingie kanisani, au zibaki nje? Kuna wanaosema tuni ikishaimbwa kwenye pombe haiwezi kutakaswa. Ninaheshimu hofu yao, maana wimbo hubeba kumbukumbu. Lakini tuni tunazoziita "za kanisa" nazo zilitoka mahali fulani, na baadhi zilitoka shambani kwa watu wengine. Hata wimbo wetu wa taifa ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, nasi tunausimamia kwa heshima zote. Vaughan Williams hakuchukua kila kitu, alichagua na kupima. Kwa maoni yangu, kazi ya kamati zetu za muziki ni hiyo ya kupima, wala si kufunga mlango.

Katika kitabu kile kile aliweka pia tuni zake mwenyewe. Moja aliiita Down Ampney kwa kukumbuka kijiji alikozaliwa. Nyingine, ya wimbo wa Watakatifu Wote, aliiita Sine Nomine, yaani "bila jina". Walimu wa kwaya wasikilize jinsi inavyoanza: kinanda kinapiga pigo la kwanza peke yake, na waimbaji wanaingia katika la pili. Besi ya kinanda inatembea chini kama watu wanaoandamana. Beti nyingi zinaimbwa kwa sauti moja na watu wote, halafu katikati kwaya inapewa nafasi ya sauti nne.

Tangu 1905 hadi 1953 aliongoza tamasha la Leith Hill, karibu na alikokulia. Kwaya za vijiji zilishindana mchana, kisha jioni waliokuwa wapinzani wakaunganishwa kuwa kwaya moja kubwa ya kuimba kazi nzito. Yeyote aliyewahi kupeleka wanafunzi kwenye tamasha la muziki la shule hapa Kenya anajua nusu ya kwanza ya mpango huo. Ile nusu ya pili tungefaa kuiiga. Mtunzi mwenye sifa nchi nzima alitumia karibu miaka 50 kuwafundisha watu wasio na mafunzo ya muziki kuingia kwa wakati.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza angeweza kukaa nyumbani. Alijiandikisha akiwa na miaka 42, akatumwa kubeba majeruhi Ufaransa na baadaye Ugiriki, kisha akawa afisa wa mizinga. Milio ya mizinga ilimharibia masikio. Rafiki yake George Butterworth, mtunzi kijana aliyemhimiza kuandika simfoni yake ya London, aliuawa 1916. Simfoni yake ya tatu ya mwaka 1922 watu waliidhani ni ya ng'ombe na malisho, kwa kuwa inaitwa "ya Mashambani", kumbe mashamba yenyewe ni yale ya vita. Ndani yake kuna tarumbeta ya askari anayefanya mazoezi kwa mbali.

Aliandika simfoni 9 kwa jumla, na hakuna inayofanana na nyingine. Ya kwanza inaimbwa na kwaya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ya nne, ya 1935, ni kali na ya ghadhabu. Ya tano ilipigwa mara ya kwanza 1943, katikati ya vita vingine, nayo imejaa utulivu. Ya saba ilitokana na muziki wa filamu kuhusu wasafiri waliofia kwenye barafu ya kusini mwa dunia, na ina sauti za wanawake wanaoimba bila maneno pamoja na mashine ya kuigiza upepo. Alianza kuandikia filamu akiwa na umri wa karibu miaka 70. Aliandika pia misa ya Kilatini isiyo na ala, dansi ya jukwaani juu ya Ayubu, na opera ya safari ya msafiri wa Bunyan iliyomshughulisha zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1954 aliitungia tuba, lile baragumu kubwa la besi ambalo kwa kawaida hukaa nyuma, kazi yake yenyewe mbele ya okestra nzima. Hata kinanda cha mdomo alikitungia.

Kwaya ya Huddersfield ilipotimiza miaka 100 mwaka wa 1936, kwa sherehe yao aliwaandikia Dona Nobis Pacem, maombi ya amani, wakati kila mtu aliona vita vingine vinakuja. Hakuwapa wimbo wa kujipongeza.

Kuna swali ambalo wengine wenu mtauliza. Mtoto huyu wa kasisi hakuwa muumini. Akiwa mwanafunzi alikana Mungu kabisa, na baadaye alibaki mtu asiye na hakika. Je, tuimbe tuni zake? Mimi naona kwamba aliyapenda maneno ya Biblia kuliko wengi wetu tunaoyashika kwapani kila Jumapili, na hakuandika tuni ya kanisa kwa dharau hata moja. Hukumu ya moyo wake si ya katibu wa kwaya.

Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth alipata umalkia akiwa hapa kwetu Kenya, Treetops. Alipotawazwa Westminster Abbey tarehe 2 Juni 1953, Vaughan Williams, mwenye miaka 80, alipendekeza waumini wote waruhusiwe kuimba, wasiwe watazamaji tu. Akapanga upya tuni ya Mia ya Kale ya Zaburi ya 100, iliyotoka Geneva mwaka wa 1551, kwa kinanda, tarumbeta, kwaya na watu wote. Alifariki tarehe 26 Agosti 1958, na majivu yake yamezikwa katika kanisa hilo hilo.

Mia ya Kale iko katika programu ya Jumapili ya jubilii, wakati wa sadaka. Ubeti wa kwanza ni wa watu wote kwa sauti moja, wa pili ni wa kwaya kwa sauti nne, na wa mwisho ni wa wote tena, mkiwa mmesimama. Tafadhali msiharakishe.