Mkutano wa Januari na Miguu ya Afrika Mashariki

Huku Igurwa, wilayani Karagwe, mkutano mkuu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huanza kwa kusubiri. Mabenchi yametolewa madarasani na kupangwa kivulini. Wanachama wanafika mmoja mmoja na kusaini daftari la mahudhurio. Asiyejua kuandika anapaka wino, na dole gumba lake linabaki limegandamizwa kando ya namba yake ya uanachama. Akidi ikitimia, mwenyekiti anafungua kikao. Ajenda zinathibitishwa, unasomwa muhtasari wa mkutano uliopita, yanafuata yatokanayo, kisha mapato na matumizi, na mwisho kabisa mengineyo. Wazee huyangoja mengineyo kwa hamu, maana hapo ndipo mtu husimama, akavua kofia, akauliza malipo ya pili ya kahawa yake yamefikia wapi.

Mwenye mibuni 50 na mwenye mibuni 2,000 wana kura mojamoja. Ndivyo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyosema, na ndivyo wakulima walivyozoea tangu zamani. Kahawa ni yako, kwa hiyo na mkono unaonyooshwa ni wako.

Nimekulia kwenye mikutano hiyo. Nadhani ndiyo sababu, nilipoanza kufuatilia habari za wanariadha wetu waliokwenda kusoma Marekani, sikukaa sana kwenye mbio zao. Nilitaka kujua nani aliwatungia masharti, alikaa wapi na nani alipiga kura. Jibu linaanzia kwenye chama kiitwacho NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo vya nchi hiyo. Kwa miongo mingi mkutano wake mkuu umekuwa ukifanyika kila Januari, wakati huku kwetu shule zinafunguliwa na wazazi wanahangaika na ada.

Chama hicho kilizaliwa kwa sababu ya vifo. Mwaka 1905 vijana takriban 18 walikufa wakicheza futiboli ya Kimarekani, mchezo uliochezwa wakati huo kwa mieleka na mateke na bila kinga ya maana. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton akawataka waurekebishe. Desemba mwaka huohuo mkuu wa Chuo Kikuu cha New York, Henry MacCracken, aliitisha mikutano, na vyuo 62 vikakubali kuunda chama. Kilianza rasmi mwaka 1906, na mwaka 1910 kikachukua jina la NCAA. Mashindano yake ya kwanza ya kitaifa yalikuwa ya riadha, mwaka 1921, mjini Chicago. Riadha, basi, ndiyo mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo.

Tazama waliokaa kwenye viti tangu siku ya kwanza. Mwanachama ni chuo, mjumbe ni mkuu wa chuo au mtu aliyetumwa naye, na kura ni ya chuo. Mkimbiaji anayetoa jasho hakuwamo katika daftari la mahudhurio. Kwa lugha ya Igurwa, ni kama mkutano mkuu wa kahawa uliohudhuriwa na maghala, mkulima akabaki nje ya uzio.

Wajumbe wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Januari 1950 walitaka kuvifukuza vyuo 7 vilivyokaidi kanuni za ufadhili wa wanamichezo. Kura 111 zilitaka vifukuzwe, 93 zikakataa. Waliotaka walikuwa wengi, lakini theluthi mbili haikutimia, na vyuo vile vikabaki. Mwaka uliofuata kanuni yenyewe ikafutwa. Mwaka 1973 chama kikagawanywa katika madaraja matatu, wakubwa wakaanza kukaa na wakubwa wenzao. Januari 1981 mkutano ukaamua kuandaa mashindano ya wanawake katika daraja la juu, na chama cha wanawake kilichokuwa kikiyasimamia hadi hapo, AIAW, kikafa mwaka uliofuata.

Jambo linalotuhusu sisi lilianza kwenye soka. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Howard cha Washington, chuo cha Wamarekani weusi, kilitwaa ubingwa wa NCAA kwa kuifunga Saint Louis 3 kwa 2. Kikosi kilikuwa na vijana wa Afrika na visiwa vya Karibi, na kocha wake, Lincoln Phillips, alitoka Trinidad. Baadaye NCAA ilichunguza sifa za wachezaji, na Januari 1973 ubingwa ukafutwa. Miongoni mwa kanuni zilizotumika ilikuwamo moja iliyowalenga wageni peke yao: mwanafunzi wa kigeni aliyeshiriki mashindano rasmi nchini kwao baada ya kutimiza miaka 19 alikatwa msimu mmoja wa kuchezea chuo kwa kila mwaka aliocheza. Mmarekani aliyefanya vilevile kwao hakukatwa kitu.

Howard walikwenda mahakamani. Mahakama ilisema kanuni ile ya wageni inavunja usawa mbele ya sheria, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Kombe lenyewe halikurudi, kwa kuwa kanuni nyingine zilizotumika katika shauri hilo zilisimama. Lakini tayari mwaka 1974 Howard walikuwa wamelitwaa jingine bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Miaka hiyohiyo miguu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kutisha. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilikuwa na Mkenya Henry Rono, ambaye mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikuwa bado mwanafunzi. Kusini, mpakani na Mexico, Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso kilijaza kikosi chake Waafrika. Mmoja wao alikuwa Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, mkoani Mara, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu hili hili.

Nyambui alishinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alichukua ubingwa wa mbio za nyika, na mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Moscow, akashinda fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mtanzania mwenzake, Filbert Bayi, naye alipata fedha hapohapo katika kuruka viunzi na maji. Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki hadi leo, na moja kati ya hizo mbili ilivaliwa na mwanafunzi wa chuo cha El Paso. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na mita 10,000 mwaka 1982, alipitia chuo hichohicho. Mwaka 1981 kikosi hicho kilishinda mbio za nyika za vyuo kwa pointi 17. Kwa asiyejua hesabu za nyika: nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu hujumlishwa, na wakishika nafasi zote tano za mbele pointi ni 15. Kwa hiyo karibu kila aliyeonekana mbele siku ile alivaa fulana ya El Paso.

Makocha wengine walilalamika, nao hawakukosa hoja. Kijana wa Marekani anaingia chuoni na miaka 18, akifika mstarini anamkuta mwanaume wa miaka 26 aliyeshawahi kuliwakilisha taifa lake. Nyambui alizaliwa Februari 1953. Alipochukua taji lake la kwanza la mita 10,000 alikuwa na miaka 26, na la mwisho alilichukua akiwa na 29. Mtu mwenye haki hawezi kusema malalamiko yale yalikuwa ya bure.

Mkutano ukapata njia ya kupita pale ambapo mahakama ilikuwa imeweka kizuizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanuni mpya ilikuwa imeanza kazi, na neno mgeni halikuwemo tena. Sasa ilimgusa kila mwanafunzi: kila mwaka wa kushiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kuingia chuoni, ungehesabiwa kama msimu mmoja uliokwisha kutumika. Misimu ya mwanafunzi ilikuwa minne. Chukua kijana anayeingia chuoni na miaka 25, ambaye kila mwaka alikimbia mashindano ya wilaya, mkoa au taifa. Toa 20 katika 25. Misimu yake imekwisha kabla hajabandikwa namba kifuani.

Waliopitisha kanuni hiyo sijui kama kuna aliyewaambia kwa nini kijana wa huku anafika chuoni akiwa mtu mzima, ilhali sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyekulia vijijini. Miaka ile mtoto hakuandikishwa darasa la kwanza kwa sababu tu amefikisha umri. Aliandikishwa mkono ulipoweza kuvuka kichwa na kushika sikio la upande wa pili, na ng'ombe wakiwa wamepata mwingine wa kuwachunga. Karagwe na Kyerwa tunajua pia butura, yaani kuuza kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya mwenye shida. Baba akishauza butura, msimu wa mavuno anachuma mali ya mwingine, na mtoto anakaa nyumbani mwaka mzima akingoja ada. Miaka miwili ya namna hiyo, ukiongeza shule iliyo mbali na kurudia darasa la saba ili kutafuta nafasi chache za sekondari, inamfikisha mtu kidato cha tatu akiwa na miaka 20. Huyo hakuwa anakaa kando akijinoa ili aje kuwaonea watoto wa Texas. Alikuwa anachelewa, na kuchelewa kwenyewe kulimuuma.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya mkutano wa mwenye shamba na mkutano wa mwenye ghala. Angekuwepo mkimbiaji mmoja wa Kiafrika mwenye haki ya kusimama kwenye mengineyo, angeyasema haya kwa dakika tatu. Pengine kanuni ingepita vilevile, lakini ingepita ikiwa imesikia.

Hata kwetu mikutano ya wengine imewahi kuamua miguu ya watoto. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ndiyo iliyokuwa chekeche la vipaji vya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliisimamisha kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Baadaye ilirejeshwa, lakini waliokuwa na miaka 15 au 16 wakati ule hawakurejeshewa miaka yao. Nao hawakuulizwa.

Huko Marekani hali imegeuka polepole, tena zaidi kwa nguvu za mahakama. Mwaka 1997 utaratibu wa kila chuo cha daraja la juu kupiga kura mkutanoni uliisha, madaraka yakahamia kwenye bodi ya wakuu wa vyuo. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya mipaka ya stahili za kielimu za wanamichezo. Januari 2022 mkutano mkuu ukapitisha katiba mpya kwa kura 801 dhidi ya 195. Bodi kuu ikapunguzwa kutoka wajumbe 21 hadi 9, na kiti kimoja kikawekwa kwa mwanamichezo aliyehitimu karibuni. Ilikuwa miaka 116 tangu chama kianze kazi rasmi.

Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya takriban dola bilioni 2.8 za kuwafidia wanamichezo, na kuanzia Julai mwaka huo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kila chuo kisizidishe dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Wakenya, Watanzania na Waganda walioko vyuoni humo wanazitazama fedha hizo kwa tahadhari, kwa kuwa viza ya mwanafunzi inambana mgeni asifanye kazi ya malipo apendavyo. Mwenzake wa chumba kimoja anasaini mkataba wa tangazo la viatu, yeye anamuuliza kwanza mwanasheria.

Kanuni ya umri nayo imebadilika umbo mara kadhaa. Siku hizi katika riadha saa inaanza kuhesabu pale kijana anapomaliza sekondari: ana kama mwaka mmoja wa kujiunga na chuo, na akiendelea kushindana baada ya hapo anaanza kupoteza misimu. Mwaka mmoja si mrefu kwa kijana wa kijijini anayengoja matokeo, kisha cheti, kisha pasipoti, kisha nauli ya kwenda ubalozini Dar es Salaam. Kutoka kwetu Kayanga kwa basi, hiyo ni safari ya kuvuka nchi.

Mwalimu mmoja wa michezo ninayemfahamu huku anayajua haya yote. Alfajiri, ukungu ukiwa bado bondeni, anasimama mwisho wa uwanja wa shule na saa ya mkononi. Watoto wanakuja wakikimbia, wengi peku, majani yenye umande yakiwalowesha hadi magotini. Daftari lake lina mistari aliyoichora kwa rula. Zamani aliandika jina na muda. Sasa ameongeza safu ya tatu, tarehe ya kuzaliwa, na asiyeijua anarudishwa nyumbani kwenda kumuuliza mama.