Simu Yako na Kijana wa Helsinki

Shoga zangu, ndani ya simu za Android tunazochagulia mishono ya harusi mna kiini kiitwacho Linux. Alikianza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kwa kompyuta aliyoinunua Januari 1991, akiilipia kidogo kidogo. Agosti akatangaza: naunda mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa kujifurahisha tu. (Yeye alitaka uitwe Freax, Ari Lemmke, aliyeuweka mtandaoni, akaupa jina Linux. Afadhali!) 1992 akaweka sharti: chukua, rekebisha, hata uza, ila ukimgawia mwenzio mpe na msimbo wake. Sisi mafundi tunafichana hata pateni ya dera! Yeye alitoa, wengi wakamwongezea bure, na baadaye kampuni zikawalipa watu waendelee.